Mgeni wa jiji hahitaji safari, anahitaji mti mmoja

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu ushauri wanaopewa watu waliohamia miji mikubwa: kwamba aliyechoshwa na kelele, foleni na vyumba vya kubanana asubiri likizo, kisha aende akapumue mbali, mbugani, ufukweni au milimani. Ushauri huo haumdhuru mtu, ila haumfai yule anayeuhitaji zaidi. Mwenye miezi mitatu tu jijini hana likizo, nauli ya ziada hana, na uchovu wake haungoji mwisho wa mwaka. Kinachomfaa ni kipande cha kijani anachokifikia kwa miguu, karibu kila siku, kwa dakika ishirini, na kujua afanye nini akishafika. Hilo la mwisho ndilo hakuna anayemwambia.

Tuanze na uchovu wenyewe, maana ugonjwa usipojulikana na dawa hukosewa. Wengi husema jiji linachosha kwa kelele. Kelele ni sehemu tu. Kule mtu alikokulia, masikio yake yalishajua sauti zipi ni za kupuuza: jogoo wa jirani, bawaba ya mlango inayolalama, pikipiki inayopita saa ile ile kila jioni. Jijini hana sauti hata moja aliyoizoea, kwa hiyo akili hukagua kila moja. Honi hii ni yangu? Anayeitwa ni mimi? Nyayo hizi zilizo nyuma zinanifuata? Kuvuka barabara, kukumbuka kituo cha kushuka, kulinda mfuko, kuelewa lafudhi mpya, yote yanadai umakini wa kujilazimisha. Rachel na Stephen Kaplan, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Michigan, walieleza katika miaka ya 1980 kwamba umakini wa namna hiyo huchoka kwa kutumika, na ukichoka mtu huwa msahaulifu, mwepesi wa hasira na mzito wa kuamua. Usingizi husaidia, lakini kuna kingine kinachouburudisha mtu angali macho: kutazama kitu kinachovuta jicho bila kulishika. Majani yakicheza na upepo, mawingu, maji yanayotiririka. Simu nayo huvuta jicho, ila hailiachii, ndiyo maana mtu hukaa nayo saa mbili akainuka amechoka kuliko alivyoketi.

Ushahidi upo, na ni wa kawaida kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science alichokipata kwenye kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, za miaka 1972 hadi 1981. Aliwalinganisha wagonjwa 46 waliotolewa mfuko wa nyongo: madirisha ya 23 yalitazama miti, ya wengine 23 yalitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walikaa wodini siku 7.96 kwa wastani, wenzao siku 8.70, tena hao wa miti walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Wagonjwa 46 ni wachache, na sitaki kuwatwisha mzigo wasioubeba. Lakini angalia kilichotumika pale: dirisha. Hakuna aliyesafirishwa kwenda popote.

Mwaka 2008 Marc Berman na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya katika mji wa Ann Arbor, Marekani. Watu walewale walitembea karibu saa moja, siku moja katikati ya miti, siku nyingine katikati ya mji, kisha wakapewa tarakimu wazitaje kinyumenyume. Waliotoka kwenye miti walizikumbuka vizuri zaidi. Kuna jambo katika jaribio lile ambalo napenda kila mgeni wa jiji alijue: faida haikutegemea kama mtembeaji aliifurahia matembezi yake. Baridi ya Januari ilipowanyima raha, bado akili ilipumzika. Kwa hiyo anayerudi bustanini akisema "sikuhisi chochote" asidhani amepoteza muda.

Kuhusu kipimo, tafiti mbili za mwaka 2019 zinatosha. Ya kwanza, iliyoongozwa na MaryCarol Hunter, iliwataka wakazi wa mjini watoke waende mahali penye uasili angalau mara tatu kwa wiki, kwa wiki nane, na kupima homoni ya kotisoli kwenye mate yao. Homoni hiyo ya mfadhaiko ilishuka kwa kasi zaidi kati ya dakika ya 20 na ya 30. Baada ya hapo iliendelea kushuka, ila polepole. Na masharti yao yasipuuzwe: hakuna mazoezi ya kutoa jasho, hakuna simu wala mitandao, hakuna kusoma, hakuna mazungumzo. Utafiti wa pili, wa Mathew White na wenzake, uliangalia karibu watu 20,000 wa Uingereza, na ukaona kwamba waliopata dakika 120 au zaidi kwa wiki ndio walioelekea kusema wana afya njema na wameridhika. Wasiofikisha hapo hawakuwa na tofauti ya maana na wasiotoka kabisa. Haikujalisha kama dakika hizo ni za mara moja au za vipande. Utafiti huo hauthibitishi kwamba bustani ndiyo iliyowaponya, kwani mwenye afya naye hutoka zaidi. Lakini kama kipimo cha kuanzia, dakika 20 kwa siku sita ni hesabu ambayo hata mlinzi wa zamu anaweza kuipanga.

Sasa mahali. Cecil Konijnendijk, mtaalamu wa misitu ya mijini, alipendekeza mwaka 2021 kanuni anayoiita 3-30-300: kila mtu aone miti mitatu kutoka anapoishi, mtaa wake uwe na kivuli cha miti kwa asilimia 30, na bustani isiwe mbali kuliko mita 300. Aliiandika kwa ajili ya wapanga miji, lakini mpangaji wa chumba anaweza kuitumia kama rula. Ukienda kuangalia chumba, kabla hujauliza habari za maji na umeme, fungua dirisha. Kisha chora duara la mita 300, yaani mwendo wa dakika nne au tano, ulizunguke lote kwa miguu. Usitafute msitu. Tafuta mti mkubwa mmoja wenye pa kukaa. Watu hupita kila siku mbele ya mahali pazuri bila kupahesabu: eneo la makaburi, ambalo mara nyingi ndilo lenye miti mikongwe na ukimya kuliko bustani rasmi, ua wa nyumba ya ibada, viwanja vya chuo, ukingo wa kijito, ukanda wa nyasi nyuma ya shule, bustani ya maktaba. Uliza mlinzi saa za kufungua na kufunga lango, na uulize kama kukaa kunaruhusiwa. Kuuliza mapema huondoa ile adha ya kuinuliwa siku ya tatu, ambayo huwakatisha tamaa wengi wasirudi tena.

Mahali hapo pakague mara mbili, na mojawapo iwe saa ileile utakayokuwa ukienda. Kivuli cha saa 4 asubuhi hakipo pale pale saa 11 jioni. Benchi lililokuwa tupu Jumanne huweza kuwa kijiwe cha wauza simu Ijumaa.

Sauti nayo ina hesabu yake, na ukiijua unaokoa miezi ya kuhangaika. Kelele ya barabara yenye magari mfululizo hupungua kwa takriban desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila unapouzidisha umbali mara mbili: kutoka mita 10 hadi 20 unapata 3, kutoka 20 hadi 40 unapata 3 nyingine, kutoka 40 hadi 80 tatu tena. Sikio la binadamu huona kelele imepungua nusu ikishuka desibeli 10 hivi. Maana yake, aliyeketi mita 10 kutoka barabarani hapati nafuu ya maana akisogea hatua tano; inambidi aende mita 80 au 100. Kosa la pili ni kuamini kwamba ua wa michongoma unazuia kelele. Ua mwembamba huficha magari yasionekane, jambo ambalo lina faida yake, lakini sauti hupenya. Kinachozuia sauti ni kitu kizito: ukuta, jengo, tuta la udongo, bonde. Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux walilijua hilo walipochora Central Park ya New York mwaka 1858: barabara nne za kuikatiza bustani walizishusha chini ya usawa wa ardhi, farasi na mikokoteni vikapita bila kuonekana. Kwa hiyo ukiwa na chaguo kati ya benchi la juu lenye mandhari na nyasi za chini nyuma ya tuta, nenda chini. Kukiwa na maji yanayoanguka, hata bomba la chemchemi ya mapambo, kaa karibu nalo. Halipunguzi honi, linaifunika. Na umbali huo huo unakusaidia pumzi, maana moshi wa magari hupungua sana ndani ya mita 150 hadi 300 kutoka barabara kuu.

Wakati bora, kwa anayeweza, ni asubuhi. Taa za chumbani hutoa mwanga wa luksi, kile kipimo cha mwanga, mia chache tu. Nje, hata mawingu yakiwa yametanda, ni maelfu. Jicho hutumia mwanga huo wa asubuhi kuirekebisha saa ya mwili, ile inayoamua usingizi uje saa ngapi. Mgeni anayelala chumba chenye dirisha linalotazama ukuta, akapanda basi kabla ya alfajiri na kushinda ndani mchana kutwa, anaweza kumaliza wiki bila kuupata. Kisha analalamika kwamba jiji limemnyima usingizi. Si lazima kulitazama jua, na usilitazame. Inatosha kuwa nje bila miwani myeusi.

Umefika. Dakika ya kwanza hadi ya tano hazina utamu, na hapa ndipo wengi huinuka. Ndege hunyamaza au huhama mtu anapoingia eneo lao. Wadudu wadogo hujificha. Na wewe mwenyewe bado uko kwenye foleni, kichwani. Zima simu kabisa, usiiweke kimya tu mfukoni, maana kila ikitetemeka umakini uleule unaojaribu kuupumzisha huitwa kazini. Hedifoni ziache nyumbani hata kama unasikiliza sauti za mvua. Kaa mgongo ukiegemea shina au ukuta, njia ya watu ikiwa mbele yako. Mwili usiojua nyuma kuna nini haulegei. Pumua taratibu, kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuivuta, mara kumi hivi, basi. Haihitaji zaidi ya hapo.

Kati ya dakika ya kumi na ya kumi na tano, ukiwa umetulia, ndege hurudi. Hapo usihangaike na majina yao. Hesabu sauti: ngapi tofauti, na ipi inatoka upande gani. Ndege wa mjini nao ni wahamiaji wa aina yake. Hans Slabbekoorn na Margriet Peet waliandika mwaka 2003 kwamba ndege wadogo wa mji wa Leiden, Uholanzi, wanaoishi mitaa yenye kelele, huimba kwa sauti nyembamba zaidi, wimbo wao upate kupita juu ya mngurumo mzito wa magari. Huko Sheffield, Uingereza, watafiti walikuta ndege wengine wakiimba usiku katika maeneo ambayo mchana yana kelele nyingi. Ukimsikia mmoja anapiga kelele alfajiri juu ya waya wa umeme, msamehe.

Kisha lete jicho karibu. Chagua eneo la gome la mti lenye ukubwa wa kiganja, usitazame kingine. Kwanza utaona rangi moja. Baada ya dakika moja utaona nyufa zinaelekea wapi, utomvu uliokauka, tundu dogo lenye unga mbele yake ambalo ni kazi ya mdudu atoboaye mbao. Madoa ya kijivu yenye ukijani yaliyoshika gome kama rangi iliyobambuka si ugonjwa wa mti. Ni kuvu na mwani walioshikana wakaishi kama kiumbe kimoja, na aina zake nyingi hufa hewa ikichafuka kwa salfa. Ukiyakuta mengi na manene, umekaa pazuri kuliko ulivyofikiri. Mstari wa sisimizi ukipita, upitishe kidole juu yake mara moja, kwa wepesi. Watasita pale pale ulipogusa, watajazana pande zote mbili wakipapasa hewa kwa vipapasio, wengine watageuka. Wanafuata harufu iliyoachwa na waliotangulia, na wewe umeifuta. Baada ya muda mmoja atavuka, wa pili atamfuata, na mstari utaungana kana kwamba hukuwahi kuwepo. Dakika tatu zimepita na hukuwaza kodi ya nyumba. (Kama ni siafu, usiguse. Nadhani hilo halihitaji maelezo.)

Beba daftari dogo. Si la mashairi wala la hisia, andika mstari mmoja kila siku: tarehe, saa, hali ya hewa na jambo moja ambalo jana halikuwepo. "Majani machanga ya juu yamekuja mekundu." "Upepo umegeuka." "Kiota kimeanguka." Ukifika mstari wa thelathini utakuwa unaujua mti huo kuliko watu waliozaliwa mtaa huo, na hicho ndicho kinachoifanya sehemu ngeni iwe yako. Bustani kumi tofauti kwa siku kumi hazikupi hilo, kwa sababu kila moja unaanza na ukaguzi upya: mlango uko wapi, huyu anayekuja ni nani, hapa panakalika? Mahali pamoja palipozoeleka ndipo akili inapoacha kukagua.

Yapo yanayoharibika, na afadhali yajulikane mapema. La kwanza ni kutaka amani ije kwa amri. Mtu huketi, hujichunguza kila baada ya dakika mbili kama ametulia, na kujichunguza huko ndiko kunakomnyima utulivu. Dawa yake ni kazi ndogo: hesabu ya sauti, kiganja cha gome, mstari wa daftari. La pili huwashtua wengi: wiki za mwanzo upweke unaweza kuzidi. Harufu ya nyasi zilizokatwa au mlio wa hua humrudisha mtu alikotoka, na machozi huja. Hilo halimaanishi kwamba bustani haimfai. Lakini kama mti wa aina ileile iliyokuwa uani kwenu unakuumiza kila siku badala ya kukufariji, badili mti, chagua ambao huna historia nao. La tatu ni mvua. Mtu hukatiza siku tano, na siku ya sita hana tena mazoea. Simama chini ya paa la karibu dakika kumi, inahesabika. Ile harufu inayopanda matone ya kwanza yanapogusa udongo mkavu hutokana na mafuta ya mimea yaliyonyonywa na ardhi wakati wa ukame, pamoja na kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni iitwayo jiosmini, ambayo pua ya binadamu huinusa hata ikiwa kidogo mno. Hupatikana hata kwenye kijiwanja cha vumbi nyuma ya ghorofa.

Radi ni habari nyingine. Ukisikia ngurumo, ondoka chini ya mti uingie ndani ya jengo au gari lililofungwa, na usirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Kabla ya kuketi popote inua macho: tawi kavu lisilo na majani, tawi lililovunjika likabaki linaning'inia, mzinga wa nyuki, au uyoga mgumu ulioota kwenye shina, ambao ni dalili ya kuoza ndani. Upepo mkali ukivuma, mti mkubwa si rafiki. Wanaoijua nazi hawahitaji kuambiwa habari ya miti yenye matunda mazito.

Usalama wa watu nao ni lazima usemwe wazi, hasa kwa wanawake, ambao ushauri wa "nenda ukakae peke yako msituni" huandikwa kana kwamba hawapo. Chagua mahali panapoonekana na watu wengine, penye njia mbili za kutokea. Nenda saa ambazo watembea kwa miguu wapo. Mwambie mtu mmoja mahali na saa ya kurudi. Usikae mpaka giza liingie. Wawili wakienda pamoja wanaweza kukubaliana kukaa hatua kumi mbali, bila kuzungumza, na kurudi wakipiga soga. Mahali pakikutia wasiwasi, hata bila sababu unayoweza kuieleza, ondoka na usirudi. Huwezi kupumzika ukiwa unajilinda.

Kwa ambao mita 300 zao hazina hata mti, yapo mawili nyumbani: dirisha na chungu. Kwenye dirisha, sogeza kiti, si kitanda. Kiti kitazame angani, ule muda wa chai ndio ukae hapo. Mwezi hauhitaji bustani. Mwezi mwandamo huonekana magharibi baada ya jua kuzama, mwezi mpevu huchomoza mashariki jua linapozama, na kila siku huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50. Ukiufuata kwa mzunguko mmoja utajua dirisha lako linatazama wapi hasa, jambo ambalo wapangaji wengi hawalijui mwaka mzima.

Kuhusu chungu, kwanza tuondoe uongo. Mimea ya ndani haisafishi hewa ya chumba kwa kiasi cha maana. Habari hiyo ilitokana na majaribio ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ya mwaka 1989 yaliyofanywa ndani ya masanduku yaliyozibwa. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring walipiga hesabu upya wakaona ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu ili kufikia kazi inayofanywa na hewa ya kawaida inayoingia na kutoka. Fungua dirisha. Mmea unauweka kwa sababu nyingine: ni kiumbe kinachobadilika mbele yako na kinachokungoja.

Pima mwanga kabla ya kuchagua. Mchana, shika kiganja sentimita 30 juu ya karatasi nyeupe pale utakapoweka chungu. Kivuli chenye kingo kali: mrehani, nanaa na mshubiri watakubali. Kivuli chenye ukungu: jaribu sansevieria, ule mmea wa majani marefu magumu kama mapanga. Hakuna kivuli kabisa: usiweke mmea hapo, utakuwa unauzika taratibu. Chungu lazima kiwe na tundu chini. Kupanga kokoto chini "ili maji yapite" ni kosa la kurithishana. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo wa chembe ndogo kwenda kwenye mawe, hivyo hutuama juu yake, na mizizi iliyopunguziwa kina huoza mapema zaidi. Mimea mingi ya vyumbani hufa kwa maji mengi kuliko kiu. Zamisha kidole sentimita 5. Ukigusa unyevu, acha. Sansevieria inaweza kukaa wiki mbili au tatu. Dalili za mizizi kuoza na za kiu zinafanana, majani hunyauka vilevile, ndiyo maana mtu huona mmea umelegea akauongezea maji yaleyale yanayouua.

Wenye roshani wakumbuke uzito. Udongo uliolowa hufika kilo 1.5 hivi kwa lita, kwa hiyo ndoo ya lita 20 inakaribia kilo 30. Panga vyungu vikubwa kando ya ukuta wa nyumba, si ukingoni, na usining'inize chochote nje ya reli juu ya vichwa vya wapita njia. Maji ya visahani yamwage angalau mara mbili kwa wiki, au ujaze mchanga ndani yake: yai la mbu linaweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku saba hadi kumi.

Mti si daktari. Anayekosa usingizi, hamu ya kula na hamu ya watu kwa zaidi ya wiki mbili, au anayewaza kujidhuru, aende kituo cha afya siku hiyohiyo, mti atauendea baadaye.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wanaosimamia bustani za miji: geuzeni mabenchi. Mengi yamepangwa yakitazama barabara, juani, kana kwamba mkaaji amekuja kuhesabu magari. Yatazame ndani, yawe upande wenye kivuli cha alasiri, na yawe na egemeo la mgongo. Na majani yanayodondoka chini ya miti mikubwa, msiyafagie yote na kuyachoma; yakiachwa yanakuwa mboji, na ndege wanaochakura chini hupata chakula.

La pili ni kwako, Mhariri. Pembeni ya utabiri wa hali ya hewa kuna nafasi ya inchi mbili ambayo mara nyingi hujazwa tangazo dogo. Iweke mara moja kwa wiki habari hizi: saa za kuchomoza na kuzama kwa jua na mwezi, mti gani unachanua wiki hii na mitaa gani unaonekana, na saa za kufungua malango ya bustani za umma. Wasomaji wenyewe watakuletea habari za miti ukiwapa namba ya kuandikia. Mtu aliyeshuka basi jana na mkoba mmoja ataikata, ataikunja, ataiweka mfukoni.

Wako,
Msomaji wa kila siku